Louise, Stéphanie au Clémentine: uanze na binti yupi wa Leopold wa Pili?

Leopold wa Pili wa Ubelgiji hahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili, hasa aliye Kisangani, Bukavu au Lubumbashi. Mpira, kiboko, mikono iliyokatwa: hayo yameandikwa sana na bado hayajaandikwa ya kutosha. Wasiojulikana ni mabinti zake watatu. Wamezaliwa kwa mama mmoja, kati ya mwaka 1858 na 1872, na baba aliyewahesabu wote kuwa hasara. Mkubwa alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Wa kati alifiwa na mume akiwa na miaka 24. Mdogo aliolewa akiwa na miaka 38, baba yake alipokwisha kuzikwa.

Anayetaka kuijua nyumba ile kupitia kwao hukwama mapema: aanze na nani? Kuwasoma wote kwa mpigo kunachosha, maana watawala wa Ulaya wa karne ya 19 walioana wao kwa wao na kurithishana majina. Katika ukoo huu kuna Leopold babu, Leopold baba, Leopold kaka, Leopold mjukuu, na mwishoni anatokea Leopold mwingine asiye na damu ya kifalme hata tone. Afadhali umshike binti mmoja, umfuate mpaka kaburini, ndipo uwatazame wenzake ukiwa upande wake.

Nimewapima kwa mambo matano. La kwanza ni ndoa, kwa kuwa posa ya binti wa mfalme ilikuwa shughuli ya serikali. La pili ni baba na fedha zake, ambazo kuanzia miaka ya 1890 zilitoka kwa wingi kwenye mpira wa Kongo. La tatu ni watoto waliowaacha. La nne ni ushahidi: je, amejisemea mwenyewe, au amesemewa tu? La tano ni uhusiano wake na Afrika Mashariki na Kongo, pale ulipo kweli.

Nyumba waliyotoka wote

Mama yao, Marie Henriette, alizaliwa Buda, Hungaria, akaolewa na Leopold mwaka 1853 akiwa bado hajatimiza miaka 17. Alipenda farasi na muziki. Mumewe alipenda ramani na hesabu. Wakapata Louise tarehe 18 Februari 1858, mwana wa kiume Leopold mwaka 1859, kisha Stéphanie tarehe 21 Mei 1864. Mwana yule alitumbukia kwenye bwawa, akaugua mapafu, akafariki Januari 1869 akiwa na miaka tisa.

Hapo ndipo nyumba ilipovunjika. Katiba ya Ubelgiji haikumruhusu mwanamke kurithi kiti cha ufalme (iliruhusu mwaka 1991 tu), hivyo mabinti wawili waliobaki hawakuwa na thamani ya kisiasa ila kwa kuozwa. Wazazi walijaribu tena kupata mtoto wa kiume. Tarehe 30 Julai 1872 akazaliwa Clémentine. Leopold hakuficha kuudhika kwake. Nguvu zake akazielekeza kwenye makoloni: mwaka 1879 watu wake walianzisha kituo Karema, ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na mwaka 1885 akatambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo, mali yake binafsi, si ya Ubelgiji. Marie Henriette alichoka, na mwaka 1895 akahamia Spa, mji wa chemchemi, akaishi huko na farasi wake hadi alipofariki mwaka 1902.

Louise: kesi, deni na hospitali

*Ndoa.* Tarehe 4 Februari 1875, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 17, Louise aliolewa na Philipp wa Saxe-Coburg, ndugu wa mbali aliyemzidi miaka 14, tajiri mwenye jumba kubwa Vienna. Hakuna aliyemweleza ndoa ni nini. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba usiku wa kwanza alitoroka chumbani akiwa na nguo ya kulalia, akajificha kwenye nyumba za kioo za Laeken, jumba la mfalme jijini Brussels, kati ya maua. Mlinzi akamwona, mama akaitwa, akambembeleza arudi kwa mumewe. Tukio dogo hilo linaeleza posa za kifalme kuliko mikataba yake yote.

Walivumiliana miaka 20. Mwaka 1895, katika bustani ya Prater, Vienna, Louise akakutana na Géza Mattachich, luteni Mkroatia wa kikosi cha farasi. Hawakujificha sana. Februari 1898 mume na mpenzi walipigana ana kwa ana kama ilivyokuwa desturi ya maofisa, na mume akajeruhiwa. Baadaye zikatokea hati za deni zenye sahihi ya Stéphanie, na Stéphanie akasema sahihi si yake. Mattachich akahukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kughushi. Louise akapewa kuchagua: arudi kwa mumewe au aingie hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakurudi kwa mumewe.

Alianzia Döbling, Vienna, akahamishwa mpaka akafika Coswig, Saxony. Mattachich alisamehewa mwaka 1902, na mwaka 1904 akamtorosha Louise usiku kutoka Bad Elster, alikokuwa amepelekwa kwa matibabu ya maji. Mwaka uliofuata madaktari wa Paris walimpima wakasema ana akili timamu. Talaka ikatoka mwaka 1906.

*Baba na fedha.* Louise alitumia bila kuhesabu, hilo halina ubishi, na wadai walimfuata kila mji. Leopold alikataa kumlipia na akakataa kumwona. Baba alipofariki, Louise ndiye aliyekuwa mbele kwenye kesi dhidi ya serikali ya Ubelgiji kudai sehemu ya utajiri wake. Nitaieleza kesi hiyo chini, kwa kuwa inawagusa wote.

*Watoto.* Wawili. Binti, Dorothea, aliolewa na kaka wa malkia wa Ujerumani akajitenga na mama yake. Mwana, Leopold Clement, alipigwa risasi na kumwagiwa tindikali na mwanamke aliyekuwa na uhusiano naye, Oktoba 1915, akafariki Aprili 1916. Hakuna mjukuu.

*Ushahidi.* Mwingi, na wa kusisimua: magazeti ya wakati ule, kumbukumbu za Mattachich, na kumbukumbu zake mwenyewe zilizochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1921. Lakini soma kwa tahadhari. Louise anaandika kama mshtakiwa aliye kizimbani, kila ukurasa ni utetezi. Na kuna jambo la kushangaza: kitabu amekitabaruku kwa baba yake, akimwita mtu mkubwa na mfalme mkubwa. Huyu ni baba aliyemwacha miaka sita nyuma ya milango iliyofungwa.

*Uhusiano na kwetu.* Hakuwahi kufika. Uhusiano wake ni wa pesa tu, alizozidai mahakamani.

Louise anamfaa msomaji anayependa kesi, au anayetaka kuona jinsi daktari alivyoweza kutumiwa kama askari dhidi ya mwanamke aliyeasi. Hamfai anayetaka siasa za nchi. Alifariki Wiesbaden tarehe 1 Machi 1924, miezi michache baada ya Mattachich, akiwa hana mali.

Stéphanie: mjane wa Mayerling, na ziwa lenye jina lake

*Ndoa.* Hii ndiyo ndoa kubwa kuliko zote tatu. Machi 1880, akiwa na miaka 15, Stéphanie aliposwa na Rudolf, mrithi pekee wa kiume wa mfalme mkuu Franz Joseph wa Austria na Hungaria. Harusi ikaahirishwa kwa sababu binti alikuwa bado hajavunja ungo. Soma sentensi hiyo mara mbili, halafu uendelee. Walifunga ndoa Vienna tarehe 10 Mei 1881, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 17.

Mama mkwe wake, Elisabeth aliyejulikana kama Sisi, hakumpenda. Rudolf alikuwa msomi wa ndege, mwandishi wa makala za siri dhidi ya siasa za baba yake, mnywaji, na mwenye wanawake wengi. Alimwambukiza mkewe ugonjwa wa zinaa uliomfanya asizae tena. Tarehe 30 Januari 1889, katika nyumba ya mawindo Mayerling, Rudolf alikutwa amekufa pamoja na Mary Vetsera, msichana wa miaka 17. Alimwachia Stéphanie barua fupi, akimwambia kwamba sasa ameondokewa na kero yake na kumwomba amtunze mtoto. Mmoja wa waliokuwa Mayerling asubuhi ile, amealikwa mawindoni, alikuwa Philipp, mume wa Louise. Yaani mume wa dada mmoja alisimama karibu na mlango ambao nyuma yake alilala mume wa dada mwingine.

Mwaka 1900, kwenye kasri la Miramare karibu na Trieste, Stéphanie aliolewa mara ya pili, kwa hiari yake, na Elemér Lónyay, bwana wa Kihungaria, Mprotestanti, asiye wa nyumba ya kifalme. Akapoteza cheo. Akapata, kwa ushahidi wote uliopo, mume mwema. Waliishi pamoja miaka 45.

*Baba na fedha.* Leopold alimtenga kwa sababu ya ndoa hiyo. Septemba 1902, mama yake alipofariki Spa, Stéphanie alikuja kumuaga marehemu. Mfalme akakataa kukutana naye, akamfukuza mbele ya jeneza. Tukio likasambaa magazetini. Akamshtaki baba yake kuhusu mali ya marehemu mama, akashindwa. Baadaye akaungana na Louise kwenye kesi ya urithi.

*Watoto.* Mmoja tu, Elisabeth, aliyeitwa Erzsi, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1883. Mama alipoolewa tena, mtoto alibaki chini ya uangalizi wa babu yake, mfalme mkuu, na uhusiano wao ukapoa kabisa. Erzsi naye ni kisa peke yake: aliolewa na mwana wa nyumba kubwa ya Windisch-Graetz, akazaa watoto wanne, akatengana na mume, akajiunga na chama cha Wasoshalisti wa Austria, na mwaka 1948 akafunga ndoa na mwalimu na mwanasiasa wa chama hicho, Leopold Petznek. Ndiye yule Leopold asiye na damu ya kifalme niliyemtaja mwanzo. Stéphanie alimnyima urithi binti yake, kama baba yake alivyomnyima yeye.

*Ushahidi.* Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1935. Ni za mtu mtulivu kuliko Louise, mwenye kinyongo kilichopangwa vizuri. Tatizo ni kwamba karibu kila anayeandika habari zake anamwandika Rudolf. Mtafute katika vitabu vya Mayerling na utamkuta amesimama ukutani, amevaa nguo nyeusi, mpaka sura iishe. Ukiamua kumfuata yeye, itakubidi uwe mkali: kifo cha Rudolf kiko miaka minane tu baada ya harusi, na maisha yake yaliendelea miaka 56 mingine.

*Uhusiano na kwetu.* Hapa ndipo anapowapita dada zake. Mwaka 1887 Mhungaria Samuel Teleki, rafiki wa Rudolf, pamoja na ofisa wa jeshi la majini Ludwig von Höhnel, waliondoka pwani na msafara mkubwa wa wapagazi kutoka Zanzibar na Pangani. Aliyewafungulia njia za bara alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyewajua Wamasai na barabara zao zamani. Machi 1888 wakafika kwenye ziwa kubwa ambalo watu walikuwa wakivua na kunywesha mifugo yao miaka mingi, Teleki akalipa jina la Rudolf. Mwezi uliofuata, upande wa kaskazini-mashariki, wakakuta ziwa lingine, dogo na la chumvi, wakalipa jina la Stefanie.

Rudolf alibakiza miezi michache tu ya kuishi. Jina lake likakaa kwenye ramani za Kenya hadi mwaka 1975, lilipobadilishwa kuwa Ziwa Turkana. Ziwa la Stefanie, kusini mwa Ethiopia karibu na mpaka wa Kenya, leo linaitwa Chew Bahir, na kwa miaka mingi huwa halina maji: ni uwanda wa chumvi na matope mpaka mvua ikubali. Kwa mwalimu wa historia au jiografia aliye Marsabit au Lodwar, kianzio kizuri kuliko hiki kitatoka wapi?

Stéphanie anamfaa anayetaka kuelewa dola ya Austria na Hungaria kwa ndani, na msomaji wa Kenya anayetaka uzi unaoanzia nyumbani. Anamfaa pia mtu aliyechoshwa na visa vya mapenzi vinavyoishia kaburini, kwa kuwa ndoa yake ya pili ni kisa cha watu wawili waliozeeka pamoja. Waliishi Oroszvár, ambayo leo ni Rusovce, sehemu ya Bratislava, Slovakia. Mwaka 1945 jeshi la Urusi lilipokaribia, walikimbilia kwa watawa wa Pannonhalma, Hungaria, na humo Stéphanie akafariki tarehe 23 Agosti.

Clémentine: aliyebaki nyumbani

*Ndoa.* Moyo wake wa kwanza ulikuwa kwa Baudouin, mtoto wa baba yake mdogo, kijana aliyetarajiwa kuwa mfalme. Baudouin aliugua akafariki Januari 1891, akiwa na miaka 21. Wamisionari walipojenga kituo chao upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, wakakiita Baudouinville kwa heshima yake; leo ni Moba.

Baadaye akampenda Victor Napoléon, mkuu wa ukoo wa Bonaparte, uliowahi kuitawala Ufaransa. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1886 ilikuwa imewafukuza nchini wakuu wa nyumba zilizowahi kutawala, kwa hiyo Victor akaishi Brussels. Leopold akakataa katakata. Sababu ilikuwa ya kiserikali: kumpokea mdai wa kiti cha Ufaransa kuwa mkwe wake kungeiudhi Jamhuri ya Ufaransa, jirani mwenye nguvu ambaye pia alipakana naye huko Kongo. Clémentine hakutoroka, hakujificha kwenye nyumba za kioo. Alingoja. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, mfalme mpya Albert akakubali, na Novemba 1910 wakafunga ndoa Moncalieri, Italia.

*Baba na fedha.* Yeye peke yake aliishi na baba mpaka mwisho. Tangu mama alipohamia Spa, Clémentine ndiye aliyesimama pembeni ya mfalme kwenye karamu na sherehe, akipokea mabalozi, huku akijua kwamba mzee ana mwanamke mwingine. Huyo alikuwa Caroline Delacroix, Mfaransa aliyekuwa na miaka 16 Leopold alipomkuta Paris mwaka 1900. Mfalme alikuwa na 65. Delacroix alizaa wana wawili, na mzee akawajali kuliko alivyowahi kuwajali mabinti. Kwenye kesi ya urithi Clémentine hakusimama na dada zake; alipokea kilichotolewa akanyamaza.

*Watoto.* Wawili, wote alipokwisha kuvuka arobaini au kuikaribia: Marie Clotilde mwaka 1912 na Louis mwaka 1914. Victor alipofariki mwaka 1926, Clémentine aliwaongoza wafuasi wa Bonaparte kwa niaba ya mwanawe hadi mwaka 1935. Louis alipokataliwa kujiunga na jeshi la Ufaransa mwaka 1939, aliingia Jeshi la Kigeni, kikosi cha Ufaransa cha askari wageni, kwa jina la bandia. Ukoo wa Bonaparte unaoendelea leo unapita kwa mama huyu, binti wa mfalme ambaye alizaliwa badala ya mvulana.

*Ushahidi.* Hapa utavuja jasho. Hakutoa kitabu cha kujitetea kama dada zake. Zipo barua, na nyingi zimepitia mikononi mwa akina Goffinet, mabaroni waliotunza fedha na siri za Leopold. Ziko kwa Kifaransa. Anayezisoma atamkuta mwanamke mwenye akili na uchungu, anayeijua siasa ya baba yake vizuri kuliko alivyoonyesha hadharani.

*Uhusiano na kwetu.* Haumo kwenye ramani, umo ndani ya jumba. Clémentine aliishi Laeken miaka ileile jumba lilipopanuliwa kwa fedha za mpira. Mwaka 1897, akiwa na miaka 25, baba yake alileta Wakongo 267 wakaonyeshwa kwenye maonyesho ya Tervuren, wamewekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji wawatazame. Saba walifariki wakazikwa hapo. Ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, kuhusu ukatili wa Kongo ilipotoka mwaka 1904, na dunia ikaanza kumzomea Leopold, aliyekula naye meza moja alikuwa Clémentine. Alijua nini, na lini? Hilo ndilo swali ambalo mimi ningelifanyia utafiti, na ndiyo sababu namwona hajathaminiwa. Waandishi wengi humpita haraka kwa kuwa hakufanya kashfa.

Anamfaa mtafiti mwenye subira anayesoma Kifaransa, na msomaji wa Kongo anayetaka kukaa ndani ya chumba ambamo maamuzi yalifanyika. Hamfai anayetaka msisimko wa haraka. Alifariki Nice mwaka 1955, akazikwa Ajaccio, Corsica, pamoja na akina Bonaparte.

Kesi iliyowakutanisha

Ukishamchagua mmoja, bado kuna mahali ambapo huwezi kuwaepuka wengine: urithi. Mwaka 1896 Leopold alikata kipande cha Kongo akakifanya milki ya taji, eneo kubwa lililozunguka ziwa lililobeba jina lake, ambalo sasa ni Mai-Ndombe. Faida ya mpira wake ikaingia kwenye majengo ya Laeken na Ostend, na kwenye lango kubwa la Cinquantenaire, Brussels, lililokamilika mwaka 1905. Alipolazimika kuikabidhi Kongo kwa Ubelgiji mwaka 1908, sehemu ya mali alikuwa amekwisha kuificha kwenye mfuko ulioitwa Niederfüllbach, huko Coburg, Ujerumani, mabinti wasiweze kuigusa. Wosia wake ulisema ana faranga milioni 15 alizorithi kwa wazazi wake, hizo ndizo za kugawana, na hana kingine.

Louise hakuamini, na haki ya kutoamini alikuwa nayo. Akashtaki, Stéphanie akaungana naye. Hoja ilikuwa kama mali ile iliyofichwa ni ya marehemu, hivyo ya watoto wake, au ni ya Kongo, hivyo ya serikali ya Ubelgiji. Mahakama ya Brussels ikawa upande wa serikali mwaka 1911, na baada ya kuvutana zaidi wakafikia suluhu kabla ya Vita Kuu.

Hapa ndipo msomaji wa kwetu anapotofautiana na msomaji wa Vienna. Huko kesi husomwa kama habari za mabinti walioonewa na baba bahili, na kweli walionewa. Ila mali waliyokuwa wakiigombea na serikali ilitoka kwa watu wa Mai-Ndombe, na mahakamani hakukuwa na hata mmoja wao, wala aliyewasemea. Nani kati ya dada hawa aliliona hilo? Kwa Louise jibu liko kwenye maandishi yake: anamtetea baba kuhusu Kongo, anamlaumu kuhusu yeye mwenyewe. Mtu anaweza kuonewa na bado asiuone uonevu uliomlisha.

Basi umchukue nani?

Kama wewe ni mwanafunzi na insha inatakiwa wiki ijayo, mchukue Louise. Matukio yake yana tarehe, mahakama na magazeti, na swali linajitunga lenyewe: nani alikuwa na mamlaka ya kumwita mwanamke kichaa mwaka 1898? Usiegemee kitabu chake peke yake.

Kama unatengeneza kipindi cha redio au cha mtandaoni kwa wasikilizaji wa Kenya, Tanzania au Ethiopia, Stéphanie ndiye njia yako, ukianzia Pangani kwa Jumbe Kimemeta na msafara wa Teleki, siyo Mayerling. Ukianzia Mayerling, Rudolf atakuibia kipindi chote.

Uko Kongo, au unaandika habari za Kongo? Anza na Clémentine, hasa miaka ya 1895 hadi 1909, ukiwa na historia ya milki ya taji pembeni. Kama husomi Kifaransa, ahirisha. Tafsiri hazitakufikisha mbali, na utaishia kumwandika kama msichana aliyenyimwa mchumba tu.

Unayetaka ukoo na vizazi, chagua kati ya Stéphanie na Clémentine, kwa kuwa kwa Louise mti umekatika. Wa Stéphanie unakupeleka kwa Erzsi na siasa za mrengo wa kushoto Vienna. Wa Clémentine unakupeleka kwa akina Bonaparte na Vita vya Pili vya Dunia.

Na kama ni mzazi au mwalimu anayetafuta kisa cha kumsomea msichana wa kidato, ningesita na wote watatu kwa namna visa vyao vinavyosimuliwa kwa kawaida, harusi na taji mbele, maumivu nyuma. Ila nikibanwa, ningempa Stéphanie kuanzia mwaka 1900 kwenda mbele: mjane aliyeambiwa achague kati ya cheo na mume aliyempenda, akachagua mume, akalipa gharama zake zote.